Ukoka Kutoka Uwanja wa Gofu

Ukuta uliojengwa Dar es Salaam, kando ya uwanja wa gofu, unahusiana nini na kipande cha majani nyuma ya nyumba ya bibi yangu huko Ruponda, Nachingwea? Nilimuuliza bibi, akacheka. Nilimuuliza mama, akaniambia nimalize kula. Nilikuwa nimetoka kumaliza chuo kikuu, nina shahada ya historia, na nilizoea kuamini kwamba swali likiulizwa vizuri jibu hutoka lenyewe. Hili niliuliza vizuri, nikauliza vibaya, nikauliza kwa hasira. Halikutoka.

Nianze na majani yenyewe, maana ndiyo yaliyonichosha kwanza.

Ruponda, kama kwingine kote kwetu, usafi wa nyumba ni udongo. Mwanamke akiamka anafagia uwanja mpaka mistari ya ufagio ionekane, na mgeni akifika anaona kabisa kwamba hapa pana mtu. Majani karibu na nyumba maana yake ni nyoka, au mwenye nyumba amesafiri, au amekata tamaa. Bibi alikuwa akifagia uwanja wa mbele kama wenzake. Lakini nyuma, kuanzia mlango wa jiko mpaka ilipoanza mikorosho, palikuwa na ukoka. Na haukuota kwa uzembe. Ulipandwa, ulimwagiliwa na kufyekwa.

Aliyewahi kushika jembe anaujua ukoka. Unatambaa chini ya ardhi kama mwizi. Ukikata kipande kimoja umepanda viwili. Watu wakiupalilia huuokota kipande kwa kipande na kuuanika juu ya kisiki ukaukie huko, maana ukiuacha chini, mvua ya kwanza tu unafufuka. Katika kijiji kizima ambacho watu hupinda migongo kuung'oa, bibi yangu alikuwa akiumwagilia.

"Sisi tunaung'oa, nyie mnaunywesha maji," jirani yake mmoja alikuwa akimwambia kila kiangazi. "Shoga, siku ukianza kufuga na siafu utuambie mapema, tuhame."

"Nitakuletea mbegu," bibi alikuwa akijibu.

Aliyekuwa haoni la kuchekesha ni mimi. Mama ni fundi cherehani sokoni Ruangwa, na kila likizo alikuwa ananipakia kwenye gari niende Ruponda nikamsaidie bibi. Wenzangu walienda kwa bibi zao wakala mabungo na kulala mchana. Mimi nilikabidhiwa fyekeo. Mbuzi asikanyage pale. Mihogo isianikwe pale, hata kama pana jua zuri kuliko kote. Mtu asipite na viatu. Maji ya kuoshea vyombo yasimwagwe ovyo, yapelekwe kwenye ukoka, na yaanzie kona ya karibu na bafu. Siku moja nikaanzia upande wa mikorosho kwa sababu ndoo ilikuwa nzito. Bibi akasimama jikoni na mwiko mkononi, akanitazama mpaka nikageuka.

"Kwani kona ile ina nini?" nikauliza.

"Ina kiu."

"Huku je?"

"Huku kutasubiri."

Hayo ndiyo yalikuwa majibu ya nyumba ile. Mimi nilikuwa mtoto wa kuuliza kwa nini jogoo hatagi, kwa nini tunaswali kwa Kiarabu wakati Mungu anajua Kimwera, kwa nini mjomba anakula kwanza. Kila mtu alishanichoka. Bibi peke yake hakuchoka, lakini hakujibu pia.

Maelezo niliyopewa kuhusu ukoka yalikuwa haya. Katika ujana wao, bibi na babu walikwenda Dar es Salaam kutafuta kazi. Babu, ambaye alifariki kabla sijazaliwa, aliajiriwa kufyeka majani kwenye uwanja wa gofu uliopo kando ya bahari. Bibi alikuwa yaya katika nyumba mojawapo ya mtaa uliopakana na uwanja huo, nyumba kubwa zenye vigae vyekundu na barabara za miti. Wakakaa miaka kadhaa, mpaka wakati ule ambapo watu wasio na kazi ya kueleweka mjini walirudishwa mashambani na vijiji vikapangwa upya. Tajiri wa bibi alikuwa amehamishwa, na bibi na babu wakarudi Ruponda. Walirudi na sufuria, cherehani mbovu na ukoka uliofungwa kwenye kanga yenye maji. Babu akaupanda uwanja mzima. Basi. Hiyo ndiyo ilikuwa hadithi, na kila mtu aliiona inatosha.

Mimi sikuona inatosha hata kidogo. Mtu anatoka mjini, anaacha redio, viatu, kila kitu, anabeba magugu?

Kilichonikera zaidi ni jinsi bibi alivyopaita mahali pale. Alipaita kwetu. "Kwetu kule upepo unatoka baharini moja kwa moja, mbu hapati pa kukaa." "Kwetu kule mbwa anakula nyama ya kusaga." Nikiwa kidato cha sita sikuvumilia tena.

"Bibi, ulikuwa na nyumba kule?"

"Nilikuwa na chumba, nyuma ya nyumba."

"Chumba cha nani?"

"Cha tajiri."

"Sasa hapo kwenu ni wapi?"

"Mke mwenzangu," akasema, maana ndivyo alivyoniita tangu utoto, kama bibi wengine wanavyowaita wajukuu wao wa kike, "wewe unalala bweni la serikali na unasema kitanda changu. Nimekuuliza?"

Nilipofika chuo kikuu Dar es Salaam nikaamua kuutafutia mtaa ule historia yake, si kwa mapenzi, kwa ubishi. Nilitaka nikirudi nimwekee bibi mezani ukweli ambao hataweza kuukwepa kwa mzaha. Maktaba ilinisaidia. Niliyosoma yalikuwa kama nilivyotarajia, na hilo lenyewe liliniudhi. Ufukwe ule ulikuwa na wavuvi na mashamba ya minazi. Wakoloni walipoona upepo ni mzuri wakawaondoa watu, wakajenga nyumba za maofisa, kila nyumba na bustani yake na kibanda cha watumishi kwa nyuma. Kati ya mitaa yao na mitaa ya Waafrika wakataka pabaki wazi. Walisema ni kwa ajili ya afya, malaria isivuke. Uwanja wa gofu ulifaa sana kwa kazi hiyo. Uhuru ulipokuja, maofisa waliondoka na wakubwa wetu wakaingia kwenye nyumba zilezile, kwenye viti vilevile, na kwenye vibanda vya nyuma wakabaki watu walewale. Tajiri wa bibi alikuwa mkubwa mmoja wa serikali, mweusi kama sisi. Baadaye nyumba zikauzwa, vigae vikabomolewa na maghorofa yakapanda.

Nilipokwenda likizo nikamweleza yote hayo. Bibi alikuwa anapepeta choroko. Alisikiliza mpaka mwisho, jambo ambalo kwake ni heshima kubwa.

"Kwa hiyo majani yalikuwa ukuta," akasema.

"Ndiyo. Ukuta wa kutuzuia sisi."

"Babu yako alikuwa anafyeka ukuta." Akacheka mpaka ungo ukatikisika. "Na ukuta wenyewe tulikuwa tunaupita katikati tukienda sokoni. Walipiga kelele tu wakiwa wanacheza, usigongwe na kile kimpira."

Nikatoka nje. Ni vigumu kubishana na mtu asiyekasirika.

Mwaka wangu wa mwisho ndipo mambo yalipochemka. Mjomba, mdogo wake mama, analima ufuta na mihogo nyuma ya nyumba ya bibi, na ukoka ulikuwa umevuka mpaka. Msimu ule uliingia shambani kwake kwa nguvu. Akapalilia, ukarudi. Akapalilia tena, ukamcheka. Akanipigia simu chuoni kana kwamba mimi ndiye niliyeupanda.

"Msomi, mwambie bibi yako. Mimi akiniona naanza kusema tu, anaingia ndani."

"Nimwambie nini, mjomba?"

"Mwambie marehemu baba aliutaka, sawa. Baba hayupo. Mimi nina watoto. Ufuta hauoti kwenye gofu."

Kumbe alishapata na mtu wa kumsaidia. Mjini Ruangwa, ambako siku hizi kila mwezi unakuta jengo jipya, mtu mmoja alikuwa anajenga nyumba ya wageni na alitaka iwe na bustani ya majani mbele, kama zile za mjini. Kufuata majani mbali ni usumbufu. Akasikia kuna bibi Ruponda ana uwanja mzima. Alikuwa tayari kuleta gari na vijana, wauchimbe ukoka wote na mizizi yake, waondoke nao. Mjomba angepata shamba safi bila kuinua jembe. Mama aliona ni neema. Mimi niliona ni kichekesho. Kwa miaka yote ile majani yalikuwa wazimu wa bibi mmoja kijijini, leo yamekuwa maendeleo.

Bibi peke yake hakusema ndiyo wala hapana. Kwa wiki nzima alikuwa anasema, "Tutaona." Halafu akamwambia mjomba anitafute kwenye simu.

"Mke mwenzangu, uko huko huko?"

"Niko, bibi."

"Nenda kwetu ukanitazamie."

"Nikatazame nini?"

"Uwanja wa gofu, upande wa baharini. Kule majani yanakoishia palikuwa na mivinje. Mmoja umeinama, kama mtu anachota maji. Tazama chini yake kama pako wazi."

"Pakiwa wazi?"

"Utaniambia."

"Pasipokuwa wazi?"

"Utaniambia pia. Mbona swali rahisi hivi unalizungusha?"

Nikasema nitapiga picha. Akasema picha hataki, nitazame kwa macho. Nilikuwa na mtihani wiki ile. Nilikuwa na utafiti ambao haujakamilika na msimamizi asiyejibu ujumbe. Na hapo natakiwa nipande magari mawili nikatazame chini ya mti, ili mtu aliyeko Ruponda aamue kama magugu yachimbwe. Nikaenda nikinung'unika njia nzima, nikiwa nimevaa viatu vibaya.

Mtaa ule ukiuona unajua hautaki kuonwa. Kuta zimepanda mpaka juu na nyaya za umeme zimepita juu ya kuta. Mageti hayana hata tundu la kuchungulia. Nyumba za vigae zilizobaki unaweza kuzihesabu kwa vidole, zimejificha katikati ya maghorofa kama wazee waliokaribishwa harusini kwa adabu tu. Barabarani hakuna mtu anayetembea kwa miguu isipokuwa walinzi, wafanyakazi wa ndani na mimi. Upepo, lazima nikubali, ulikuwa unatoka baharini moja kwa moja.

Uwanja wa gofu nao ulikuwa na uzio. Nikaufuata kwa nje mpaka upande wa bahari, nikaanza kuchungulia. Mlinzi akatokea.

"Dada, umepotea?"

"Hapana. Natazama."

"Unatazama nini?"

"Majani."

Akageuka akatazama majani, kisha akanitazama mimi. "Kwenu hayapo?"

"Kwetu yapo mengi kuliko haya. Yananisumbua."

"Kwenu wapi?"

"Nachingwea."

"Aa." Uso ukafunguka. "Mimi wa Masasi. Sasa Mnachingwea umekuja kuchunga mbuzi kwenye gofu? Umewaacha wapi?"

"Nimewaacha Masasi, wanakusubiri."

Akacheka, na kwa kuwa tulishakuwa majirani akaniruhusu nisimame. Nikamuuliza kuhusu mivinje. Akasema iliyobaki ni ile kule, akanyoosha mkono. Ilikuwa imesimama wima yote.

"Kulikuwa na mmoja umeinama."

"Umeinama?" Akafikiri. "Kabla sijaja labda. Pale mwisho palipokuwa na miti mingine ndipo pale palipojengwa ghorofa."

Nikatazama. Majani yalikwenda mpaka kwenye ukuta mrefu uliopakwa rangi nyeupe, na nyuma ya ukuta kulikuwa na ghorofa jipya lenye roshani zinazotazama maji. Chini ya ukuta, zege. Mbele ya ghorofa, upande wa pili, maegesho ya magari yenye matofali ya kupanga. Hapakuwa na mti, na udongo sikuuona.

"Ulikuwa mti wa nani?" mlinzi akauliza.

"Wa bibi yangu," nikasema, na mwenyewe nikaona upuuzi wa jibu langu.

Sikumpigia bibi simu. Nilijiambia nitamweleza ana kwa ana, mitihani ikiisha. Ukweli ni kwamba sikutaka kuzungumzia ule mti tena. Mjomba alipiga mara kadhaa kuuliza kama nimeshakwenda. Mwenye nyumba ya wageni alikuwa anamsukuma.

Nilifika Ruponda mchana, mama akiwa ametangulia kutoka Ruangwa. Mjomba alikuwepo pia, amekaa kwenye kigoda mlangoni kama mtu anayesubiri hukumu. Bibi alikuwa anachambua mchele. Hata maji sikunywa.

"Mvinje umekatwa," nikamwambia. "Pamejengwa ukuta, na nyuma ya ukuta ghorofa. Chini ni zege na matofali."

"Kote?"

"Kote, bibi. Mpaka mwisho."

"Aa," akasema.

Akaendelea kuchambua mchele. Akatoa jiwe, akalirusha. Akatoa jingine. Mama, ambaye kwa kawaida hawezi kuona mtu amekaa kimya bila kumpa kazi, aliinuka akaenda kukaa karibu naye mkekani, akachukua konzi ya mchele kwenye sinia lilelile na kuanza kuchambua naye. Mimi na mjomba tukatazamana.

Bibi akainua uso. "Waje wachukue majani ya baba yako," akamwambia mjomba. "Yote. Ila kona ya karibu na bafu haiguswi. Kama mkeka huu, ukubwa wake." Akanyoosha mkono kuonyesha mkeka waliokalia.

Mjomba alishusha pumzi, kisha akazivuta tena. Alikuwa anaujua ukoka. "Mama, kuacha kipande ni sawa na kuacha wote. Miaka miwili tu utakuwa umerudi kulekule."

"Utaupalilia."

"Nimeupalilia maisha yangu yote."

"Basi umezoea."

Nikaingilia. Nilidhani nitaleta akili mahali pasipo na akili. Nikamwambia bibi kwamba nimekwenda, nimeona, ule mtaa haumjui. Hata mti wake haupo. Kama ni kumbukumbu ya babu, babu ndiye aliyepanda uwanja wote, mbona huo anautoa bila kulalamika na kung'ang'ania kipande kisichotosha hata watu watatu kuketi? Na kama ukuta umejengwa Dar es Salaam, ukoka wa Ruponda umekosa nini, au umepata nini? Nadhani nilizungumza kwa muda mrefu. Nilitumia na neno ukoloni.

Bibi alinisikiliza kwa upole ambao ulinichoma. "Umemaliza, mke mwenzangu?"

"Sijapata jibu."

"Ukizaa utalipata."

Sijui kama kuna sentensi ninayoichukia kuliko hiyo. Kwetu kuna mambo unaambiwa unyagoni, na mimi unyago nilichezwa, nikauliza maswali mengi mpaka somo wangu, aliyekuwa akinifunda, akalalamika kwa mama. Halafu kuna mambo mengine ambayo hata unyagoni huambiwi, unaambiwa ukishapata mtoto, na wanaume hawaambiwi kabisa. Mazungumzo yakielekea huko mwanaume anaondoka mwenyewe bila kufukuzwa, na mjomba wakati ule alikuwa tayari ameshasimama anatafuta kandambili zake. Hilo peke yake lingetosha kunishtua. Mimi niliona ni njia nyingine tu ya watu wazima kukwepa swali. Miaka yote ya kusoma, nashindwa na mwanamke wa darasa la pili kwa sababu tu tumbo langu bado tupu.

Nikamfuata mama jikoni. "Wewe umezaa. Niambie."

"Kaa ule," mama akasema.

"Mama."

"Wali unapoa."

Vijana wa Ruangwa walikuja na majembe na gari la mizigo. Waliuchimba ukoka vipande vipande kama mikate, udongo ukining'inia chini, wakaupanga ndani ya gari na kuunyunyizia maji. Majirani walikuja kutazama. Yule shoga yake bibi alisimama na mikono kiunoni.

"Nyie mnaupeleka wapi huo?"

"Ruangwa, mama. Unapandwa kwenye bustani."

"Unapandwa." Akageuka kumtafuta bibi. "Kumbe ulikuwa unasubiri soko."

Bibi hakujibu mzaha siku ile. Alikuwa amechukua kigoda chake na kukiweka kwenye kona ya bafu, katikati ya kile kipande, akakaa. Yeye ambaye alitukataza kuupita na viatu, nilimwona kwa mara ya kwanza amekaa juu ya ukoka, miguu peku, nyayo zimetulia kabisa kwenye majani. Vijana walichimba kumzunguka. Mmoja alipokaribia sana na jembe, bibi alisema neno moja tu, "Hapo," na yule kijana akarudi nyuma kama amekanyaga moto.

Gari lilipoondoka mjomba hakwenda kupumzika. Alichimba mfereji kuzunguka kile kipande, akachukua mabati ya zamani ya paa, akayakata na kuyafukia wima ardhini ili mizizi isipite. Alifanya kazi mpaka jua likaisha nguvu, akiwa amenuna. Alipomaliza akasimama kando yangu akifuta jasho.

"Msomi, umeona? Na mimi nimejenga ukuta wangu."

"Na bado hujui kwa nini."

"Mama yangu kasema." Akachukua koleo. "Wewe unataka kujua kila kitu, ndiyo maana unakonda."

Mwaka uliofuata alipanda ufuta mpaka kwenye ukingo wa mabati. Ukaota vizuri. Nilikuwa nimerudi kuishi kwa mama Ruangwa, nafundisha kwa kujitolea huku nasubiri ajira kama wenzangu wote, na kila siku nilikuwa napita mbele ya ile nyumba ya wageni. Majani ya babu yalikuwa yameshika, kijani kibichi, maharusi wanapigwa picha juu yake siku za Jumamosi. Kulikuwa na kibao cha kukataza watu kukanyaga. Nilikuwa nacheka kila nikipita, kicheko cha hasira kidogo. Ruponda nilikwenda mara chache, na kila nilipokwenda nilikuta maji ya vyombo bado yanapelekwa kwenye kona ile, na mimi bado naambiwa nibebe ndoo. Niliibeba. Sikuuliza tena, si kwa sababu nimeelewa. Nilikuwa nimechoka.

Nikaolewa. Nikapata mimba, nikajifungua binti hospitalini, na mama akanichukua kunipeleka Ruponda, maana bibi alikuwa hawezi tena kusafiri na alitaka mtoto atolewe nje kwake. Kwetu mtoto mchanga anakaa ndani na mama yake siku za mwanzo, kisha wanawake wanamtoa, anaonyeshwa jua, na tangu hapo anahesabiwa ni mtu wa ukoo. Nilikuwa na maswali kuhusu desturi hiyo pia. Nilikuwa na usingizi mwingi mno kuyauliza.

Asubuhi ya siku yenyewe wanawake waliingia chumbani na mafuta na kanga mpya. Mjomba alikuwa mlangoni anamchungulia mtoto. Bibi alikohoa kidogo tu, na mjomba akaondoka. Mama akafunga mlango. Nikadhani sasa nitaambiwa namna ya kumshika mtoto shingo. Bibi alinishika mkono, akaniuliza kama maziwa yanatoka, nikasema yanatoka. Akasema vizuri. Akasema mtoto huyu akitoka mlangoni, miguu yake itagusa kwanza kwenye kona ya bafu, kama ya mama ilivyogusa, kama yangu ilivyogusa, na kwamba sasa naweza kuambiwa kwa nini.

Mama yangu hakuwa mtoto wa kwanza wa bibi. Wa kwanza alikuwa mvulana, alizaliwa na kufa katika kile chumba cha nyuma, kabla hajatolewa nje. Mtoto wa hivyo kwetu huzikwa na wanawake peke yao, hawekewi matanga, na baba hatajiwi mahali. Mayaya wa nyumba za jirani walimbeba alfajiri wakamzika chini ya mvinje ulioinama, mwisho wa uwanja wa gofu. Siku waliporudishwa Ruponda, bibi alikwenda na kisu cha jikoni akakata ukoka uliokuwa juu yake, ukubwa wa mkeka, akaufunga kwenye kanga, akaja kuupanda kwenye kona ya bafu ili watoto watakaotolewa nje waanzie kwake. Babu akadhani mkewe ameikumbuka kazi yake, akafurahi, akauchukua ukoka uliotambaa pembeni na kuusambaza uwanja mzima. Ndiye aliyekuwa akifyeka majani yale Dar es Salaam kila wiki, hadi chini ya mivinje, na hadi anakufa hakujua alikuwa akifyeka juu ya nani.